Kupimwa Choo na Mbegu za Kiume: Kazi Huanzia Nyumbani



Kuna vitu viwili ambavyo watu wetu hawapendi kusikia vikitajwa mkutanoni, hasa kama mama mkwe na bwana wa binti yake wamekaa benchi moja. Cha kwanza ni choo kikubwa. Cha pili ni mbegu za mwanamume. Mtu akiambiwa atoe damu, anakunja mkono wa shati na kazi inaisha. Akiambiwa alete choo, anacheka, au anakasirika, au anachukua kale kamkebe ka hospitali, anakaficha ndani ya kiondo, na hatumwoni tena. Na bwana akiambiwa mbegu zake zipimwe, mara nyingi hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kuonekana kliniki. Bibi ndiye hurudi peke yake.

Sisi tunaotembelea vikundi vya kujisaidia huku Kiriaini, na ng'ambo ile ya Othaya na Nyeri, tumeulizwa juu ya mambo haya mara nyingi. Hatuulizwi mkutanoni. Tunaulizwa baadaye, mtu akijifanya anatusindikiza mpaka barabarani, kwa sauti ndogo. Kwa hivyo tumeonelea tuyaandike hapa, kila mtu ayasome akiwa kwake.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba fundi wa maabara hana uganga. Yeye anaona kile tu ulichomletea. Damu anaitoa mwenyewe, kwa sindano yake, na saa anaijua. Lakini choo na shahawa, yaani yale maji ya mwanamume yanayobeba mbegu, unatoa wewe mahali asipokuona, na njiani unabeba wewe. Ukikosea hapo, hata kama mashine ni nzuri namna gani, jibu linaweza kuwa la uongo. Na jibu la uongo linakupa dawa ya ugonjwa ambao huna, au linamwacha mama wa watu akiitwa tasa kwa kosa lisilo lake.

Mwenye duka la vitambaa

Watu wengine hufikiri kupima vitu hivi ni uchafu ulioletwa na hospitali za siku hizi. Si kweli. Zaidi ya miaka 300 iliyopita kulikuwa na mtu wa Uholanzi, katika mji wa Delft, aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, hakusoma chuo kikuu. Alijitengenezea vioo vidogo vya kukuzia vitu, na kwa vioo hivyo akaangalia kila kitu kilichokuwa karibu naye: maji ya ziwa, utando wa meno, na mengine. Mwaka 1677 aliangalia shahawa akaona vitu vidogo vyenye mikia vikiogelea. Alipowaandikia wataalamu wa London, alieleza kwamba shahawa ile ilitoka kwa ndoa yake na hakuipata kwa njia ya dhambi, tena akasema wakiona habari hiyo inachukiza wasiichapishe. Mnaona? Hata yeye aliona haya, lakini aliandika. Miaka minne baadaye, mwaka 1681, aliumwa tumbo la kuharisha, akaangalia choo chake mwenyewe na kuona vijidudu vikitembea. Wataalamu wa leo wanaamini alichoona ni jiadia, kijidudu ambacho mpaka sasa kinaharisha watoto wetu.

Kwa hivyo mtu yule yule mmoja ndiye alianza kazi hizi mbili. Tuanze na choo.

Choo kinatafutwa nini?

Kwanza fundi anakitazama kwa macho tu. Ni kigumu au ni maji? Kina damu, kina makamasi? Kuna vipande vyeupe vilivyo bapa kama tambi, vinavyotikisika? Hivyo ni vipande vya tegu, anayetoka kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva vizuri. (Wapenzi wa nyama choma yenye damu, mmesikia.) Ukiviona nyumbani usione aibu kuvipeleka. Tena mwambie fundi kama unakunywa vidonge vya kuongeza damu, maana vidonge hivyo vinafanya choo kiwe cheusi kama lami, na mtu anaweza kudhani unatoka damu ndani ya tumbo.

Halafu anachukua kidogo sana, kama kichwa cha kiberiti, anachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, na kingine kwa tone la ayodini, anafunika na kuweka chini ya hadubini. Hapo anatafuta mayai ya minyoo, amiba, jiadia, na chembe nyeupe za damu ambazo huonyesha kwamba utumbo una vidonda. Yule mnyoo mrefu wa mviringo, wa kike, anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Ndiyo sababu kipande kidogo kinatosha. Huna haja ya kujaza mkebe. Tumemwona mtu akileta kopo la nusu kilo limejaa mpaka juu. Kiasi cha ukubwa wa ndole gumba kinatosha. Kama ni maji, vijiko viwili au vitatu vidogo.

Kama wanataka kujua minyoo ni wengi kiasi gani, kuna njia iitwayo Kato-Katz, iliyoanzishwa na Mjapani mwaka 1954 na kuboreshwa huko Brazil mwaka 1972. Choo kinapitishwa kwenye chujio, kinajazwa kwenye tundu dogo linaloshika miligramu 41.7, mayai yanahesabiwa yote, kisha hesabu inazidishwa mara 24 ili kupata mayai yaliyo katika gramu moja. Ni hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kufanya. Lakini mayai ya safura yanapotea machoni haraka katika njia hii, kabla saa moja haijaisha, kwa hivyo fundi naye anakimbizana na saa.

Hapa tuseme neno kwa wale wanaoteremka Mwea kufanya vibarua vya mpunga. Ukirudi nyumbani na tumbo likakusumbua, sema wazi: nilikuwa Mwea, niliingia majini. Katika mashamba yale ya mpunga kuna kichocho cha tumbo, na mayai yake, yenye mwiba ubavuni, yanatoka kwa choo, hayatoki kwa mkojo kama yale ya kichocho cha Pwani. Fundi wa huku juu kwenye baridi asipoambiwa, anaweza kutafuta amiba tu na kukuambia uko sawa.

Mkebe na saa

Hospitali wakikupa mkebe wao wenye kifuniko, tumia huo. Ukitumia wa nyumbani, uwe mkavu, una mdomo mpana, na umeoshwa kwa maji tu mpaka sabuni yote ikaisha. Mkebe wa mafuta ya kupikia haufai. Kikopo cha dawa hakifai. Kiberiti na jani la mgomba, ambavyo wazee wanakumbuka, havifai kabisa, kwa sababu vinanyonya maji na vijidudu vinakauka. Karatasi za nailoni zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata kabla ya hapo hazikuwa nzuri kwa kazi hii: zinapasuka ndani ya matatu, na hiyo ni habari nyingine.

Choo kisianguke kwenye shimo wala kwenye udongo, maana udongo una minyoo yake isiyo na habari na wewe. Kisichanganyike na mkojo, kwa sababu mkojo unaua amiba. Njia rahisi ni hii: kojoa kwanza, halafu tumia beseni safi au kipande cha karatasi ngumu, chukua kwa kijiti sehemu ile yenye damu au makamasi ikiwepo, tia mkebeni, funika, osha mikono kwa sabuni. Andika jina na saa. Usiache hata siku moja kuandika saa.

Kwa nini saa? Amiba aliye hai anatembea. Akitembea fundi anamtambua. Akipoa anasimama, na baada ya muda mfupi anakufa na kupasuka, na hapo fundi anaona takataka tu. Choo cha maji kinatakiwa kionekane ndani ya nusu saa. Kile laini, ndani ya saa moja. Kile kigumu kinaweza kungoja siku hiyo hiyo, kwa sababu ndani yake amiba huwa amejifunga katika ganda. Sasa mtu anayeishi kilomita kumi bondeni, anaharisha damu, akitoa choo alfajiri, angoje gari, apande kilima, apange foleni, choo kinafika saa nne. Huyo heri aje hospitali mapema na atumie choo cha hospitali hapo hapo. Anayeharisha hatangoja sana.

Jambo lingine linalowashangaza watu ni kuambiwa walete choo mara tatu. "Kwani kile cha kwanza mlikipeleka wapi?" Hakikupotea. Jiadia na wenzake hawatoki kila siku. Leo wapo, kesho hawapo, kesho kutwa wanarudi. Choo cha siku tatu mbalimbali, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kinaonyesha kile ambacho kimoja kingekosa. Na kama ulikunywa dawa ya kuua vijidudu wiki hii, au mafuta ya kuharisha, sema. Ukinyamaza, utaambiwa huna kitu, na kumbe kitu kimejificha tu.

Wale wanaopimwa wadudu wa vidonda vya tumbo, hao H. pylori ambao kila mtu siku hizi anawataja, wana sheria yao: dawa za kupunguza asidi kama omeprazo ziachwe wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne. Uliza daktari kabla ya kuziacha.

Iko pia choo inayosafiri mpaka Nairobi. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla bila kuumia, msingoje na msimpeleke kukandwa. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo. Huko watachukua choo mara mbili, angalau saa 24 kati ya kimoja na kingine, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, na kitapelekwa maabara ya KEMRI kutafutwa polio. Hiki kinabebwa kwenye barafu. Mwaka 2013 polio ilirudi Kenya, upande wa Garissa na kambi za Dadaab, ikapooza watu 14, na ni choo kilichoithibitisha.

Taifodi na wapishi wetu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu pesa nyingi za vikundi zinaishia hapa. Karibu kila nyumba tunayoingia kuna mtu aliyeambiwa ana taifodi. Wengine wameambiwa mara nne kwa mwaka mmoja. Uliza alipimwa nini, utaambiwa damu, tone moja, dakika tano, majibu tayari. Kipimo hicho cha damu, Widal, kimekuwepo tangu mwaka 1896. Kinaangalia kama mwili uliwahi kupigana na wadudu wanaofanana na wa taifodi. Kama ulipigana nao miaka miwili iliyopita, au ulichanjwa, au una ugonjwa mwingine, kinaweza kusema ndiyo. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumhukumu mtu.

Njia ya kuaminika ni kuotesha wadudu wenyewe kutoka kwa damu, hasa wiki ya kwanza ya homa, na kutoka kwa choo baadaye. Choo kinapakwa kwenye chakula maalum cha wadudu, kinawekwa kwenye joto, na baada ya siku mbili tatu au zaidi fundi anaona ni mdudu gani ameota na ni dawa gani inamwua. Ndiyo, inachukua siku, na si kila maabara ndogo inaweza. Lakini kunywa antibayotiki mara nne kwa mwaka kwa ugonjwa usio nao ni hasara ya pesa, na inawafundisha wadudu kuizoea dawa.

Sasa, kuna watu wachache wanaopona taifodi kabisa, wana nguvu, wanalima, lakini wadudu wanabaki kwenye nyongo na kutoka na choo kwa miaka. Mmoja alijulikana dunia nzima. Aliitwa Mary Mallon, mpishi kutoka Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri huko New York. Karibu kila alikopika, watu waliugua taifodi. Mwaka 1907 mchunguzi aitwaye George Soper alimfuata jikoni akamwomba damu, mkojo na choo. Mama yule alimfukuza kwa uma kubwa ya kukatia nyama. Baadaye alichukuliwa kwa nguvu, choo chake kikapimwa, wadudu wakaonekana. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, lakini mwaka 1915 akakutwa akipika katika hospitali ya akina mama wajawazito. Alifungiwa kwenye kisiwa mpaka akafa mwaka 1938. Sisi tunamhurumia: yeye mwenyewe hakujisikia mgonjwa, na namna alivyotendewa haikuwa nzuri. Lakini pia tunawahurumia waliokula.

Tunaeleza haya kwa sababu vikundi vingi vya akina mama huku vinapika kwa malipo. Mnapika mukimo na njahi kwenye harusi, mnapika kwenye mazishi, mnapika siku ya harambee. Mpishi wa chakula cha watu anatakiwa kupimwa kila miezi sita na kupewa cheti, na choo ni sehemu ya kipimo hicho. Tunajua pia, na tuseme ukweli, kwamba kuna mahali mtu hulipa, hupewa cheti, na mkebe hajaushika. Cheti cha namna hiyo kinamlinda nani? Kikundi kimoja tunachokijua kiliamua wapishi wote wapimwe siku moja, mwenyekiti kwanza, na nauli itoke kwa hazina. Wawili walikutwa na amiba. Walitibiwa, wakapumzika kupika wiki chache, wakarudi. Hakuna aliyechekwa, kwa sababu wote walikuwa wamebeba mikebe.

Sasa tuje kwa wazee

Mnajua neno thaata. Mnajua linavyosemwa nyuma ya mgongo wa mama aliyeolewa miaka mitatu bila mtoto, na mnajua anakopelekwa: kwa daktari huyu, kwa mganga yule, kwa maombi, anapigwa picha, anaingizwa vyuma. Bwana amekaa nyumbani. Akiulizwa anasema, "Mimi niko sawa, niko na nguvu." Au anasema, "Mimi nilizaa mtoto kabla sijamwoa huyu."

Nguvu za kiume ni kitu kimoja na mbegu ni kitu kingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na maji yake yasiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua, maana sehemu kubwa ya maji yale haitoki kwenye korodani. Na aliyezaa mwaka 2009 anaweza kuwa na shida leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupata shida ya kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Na katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu kuna jambo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mkewe. Kipimo cha bwana hakina sindano wala kisu, na ndicho cha bei nafuu kuliko vingi anavyopitishwa bibi. Kwa maoni yetu, ni kosa kumpeleka mama kwenye chumba cha upasuaji kabla bwana hajaleta mkebe.

Kazi yenyewe huwa hivi. Bwana asikutane na mkewe siku mbili kabla, na isizidi siku saba. Chini ya hapo mbegu huwa chache. Zaidi ya hapo nyingi zimezeeka. Shahawa itoke yote ndani ya mkebe waliokupa. Ile ya kwanza kutoka ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi, kwa hivyo ikimwagika, sema imemwagika, upewe siku nyingine. Usitumie sabuni, mafuta wala mate, vyote vinaua mbegu. Kondomu ya dukani haifai, nayo inaua.

Wakristo wenzetu Wakatoliki wametuuliza juu ya hapa, na ni swali la haki, kwa kuwa Kanisa lao halikubali mtu ajitoe shahawa kwa mkono. Ziko kondomu maalum zisizo na dawa, zenye kitundu kidogo, ambazo bwana na bibi hutumia katika ndoa yao na kisha kupeleka kilichobaki. Hazipatikani kila mahali, kwa hivyo zungumzeni na daktari, na padre mkitaka, kabla ya siku ya kupimwa.

Halafu safari. Kumbukeni choo cha polio kinabebwa kwenye barafu. Hiki ni kinyume kabisa. Mbegu zikipatwa na baridi zinasimama, na mwanamume mzima ataandikiwa kwamba mbegu zake hazitembei. Fikirini asubuhi ya Julai hapa Kiriaini, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani chai, mtu amebeba mkebe kwa mkono au ameuweka kwenye keria ya pikipiki. Mkebe ubebwe ndani ya nguo, karibu na mwili. Usiwekwe juani wala karibu na moto. Ufike maabara ndani ya nusu saa, na saa moja ndio mwisho. Kwa barabara zetu na mvua zetu, anayeishi mbali asijaribu. Aombe chumba hospitalini. Akikosa chumba chenye mlango unaofungwa, ana haki ya kuuliza mbona hakuna.

Maabara wanangoja kwanza ile shahawa ilainike, maana inapotoka huganda kama uji. Wanapima kiasi, halafu wanaangalia kwa hadubini: mbegu ni ngapi, ngapi zinaogelea kwenda mbele, ngapi zina umbo zuri. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinatoa mipaka ya chini: shahawa mililita 1.4, mbegu zote pamoja milioni 39, zinazotembea 42 kwa mia, zenye umbo zuri 4 kwa mia. Msishtuke na hiyo 4. Hata kwa baba wa watoto wengi, mbegu nyingi zina kasoro. Na mipaka hiyo ilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja: 95 katika 100 walikuwa juu ya mipaka, 5 walikuwa chini, na hao 5 pia walizaa. Kwa hivyo aliye chini kidogo hajahukumiwa. Itachukua muda zaidi, na labda msaada.

Usikubali kuhukumiwa kwa mkebe mmoja. Mbegu hutengenezwa kwa siku kama 74, kwa hivyo ile unayotoa leo ilianza zaidi ya miezi miwili iliyopita. Ulikuwa na homa kali ya malaria wakati huo? Itaonekana leo. Daktari mwema atataka kipimo cha pili baada ya wiki kadhaa, na kama ni kwa sababu ya homa, baada ya miezi mitatu. Hata jibu la sifuri linarudiwa, na fundi azungushe shahawa kwenye mashine kwanza atafute chini kabisa kabla hajaandika sifuri.

Yanayoharibu ni mengi: kisonono cha ujanani ambacho hakikutibiwa vizuri na kikaziba njia, mishipa iliyofura juu ya korodani, matubwitubwi ukubwani, sigara, pombe nyingi, na zile sindano za homoni ambazo vijana hudungwa ili wawe na misuli. Mengine kati ya haya hutibika, na yako yanayorudi yenyewe ukiacha. Juu ya dawa za kunyunyizia mimea tuseme jambo moja. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda huko California, waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP, waliona kwamba wengi wao hawapati watoto. Walitaka kupimwa, na kweli mbegu zikakutwa chache au hazipo. Hatusemi dawa ya kahawa unayonyunyizia ni hiyo. Tunasema hao waligundua kwa sababu waliongea wenyewe kwa wenyewe. Na valia gwanda na glavu.

Kabla ya kulipa popote, angalia ukutani kama maabara ina cheti cha KMLTTB, bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 kusimamia mafundi wa maabara. Ukikosa kukiona, uliza.

Swali la mwisho tuliloulizwa na bwana mmoja, tukiwa tumesimama kwenye mvua: "Nikipimwa, bibi ataambiwa?" Majibu ni yako, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inakataza hospitali kumpa mtu mwingine bila ruhusa yako. Lakini kama kilichoonekana ni ugonjwa wa kuambukizana, daktari atakuomba umlete, na hapo usikatae. Mnatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja na kungoja mpaka dawa ziishe ndipo mkutane, la sivyo mmoja atapona na mwingine atamrudishia.